Ratiba ya ujenzi ikitoka ukutani: nini hasa kinahamia kwenye simu na kompyuta?

Tangu zabuni za umma Tanzania zianze kupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, mwaka 2023, neno "kidijitali" halikosekani kwenye vikao vya ujenzi. Shida ni kwamba kila anayelitamka ana lake kichwani. Mkandarasi anafikiria kuomba kazi mtandaoni. Mhandisi anafikiria michoro kwenye kompyuta. Mwenye nyumba, ambaye pengine yuko Muscat au Manchester, anafikiria picha anazotumiwa WhatsApp kila jioni. Siku bosi akisema "tunahamisha ratiba kutoka ubaoni kwenda kwenye mfumo", wote wanaitikia kwa kichwa, kisha kila mmoja anaondoka na lake.

Hapa nataka tuzungumzie ratiba tu. Nimekaa saiti muda wa kutosha kuona watu wazuri wakigombana kwa jambo ambalo wangelimaliza kwa dakika kumi kama wangeelewana kwanza kwenye maneno.

Tuanze na neno lenyewe. Orodha ya kazi inasema nini kifanyike: linta, kupaua, plasta, dari, rangi. Ratiba inakwenda mbele zaidi: nani atafanya, lini, na nini lazima kiwe kimekwisha kabla yake. Hilo la tatu ndilo uti wa mgongo. Mama anayepika pilau analijua bila kufundishwa na mtu. Mchele hauingii sufuriani kabla kitunguu hakijageuka rangi na nyama haijaiva, lakini kachumbari inaweza kukatwa wakati wowote hapo katikati na wala chakula hakichelewi. Kusubiriana huko kwa kazi ndiko wapangaji wanakoita utegemezi.

Kuna jambo jingine ambalo orodha hulisahau kila mara: kusubiri nako kunakula siku. Zege likishamwagwa, nguvu yake hupimwa siku ya 7 na siku ya 28. Katikati ya siku hizo hakuna fundi anayelipwa kulifanyia kazi zaidi ya kulimwagilia maji, lakini mirunda, yaani nguzo za miti za kushikilia, bado iko chini ya jamvi (sakafu ya zege ya ghorofa), na huwezi kuanza kupiga plasta kati ya mirunda. Ratiba isiyo na siku za kusubiri ni ratiba ya jengo lisilo na zege.

Sasa ubao. Kwenye saiti nyingi ubao ni plaibodi iliyogongwa kwenye ukuta wa ofisi, ina mistari ya siku na wiki, na juu yake kuna karatasi ndogo za kunata. Kila kundi la mafundi lina rangi yake. Nakumbuka jengo moja la ghorofa tatu Dodoma ambako njano ilikuwa ya fundi bomba, bluu ya umeme, pinki ya wasuka nondo, kijani ya maseremala. Ofisi yetu ilikuwa kibanda cha mabati, na Dodoma ina upepo wake na vumbi lake. Gundi ya karatasi zile haielewani na vumbi. Alhamisi moja karatasi ya njano iliyoandikwa "mabomba ya vyoo, jamvi la pili" ilidondoka ikaingia nyuma ya meza. Ijumaa asubuhi msimamizi akausoma ukuta: mbao tayari, nondo tayari, umeme tayari. Akaagiza zege.

Jumatatu fundi bomba alipanda ngazi na mabomba begani akakuta jamvi limeshamwagwa. Hakupiga kelele. Aliyashusha mabomba polepole, akasimama mkono kiunoni akiangalia mahali ambapo vyoo vinne vilikuwa vipite. Tulitoboa jamvi jipya kwa siku tatu, tukakata na nondo ndani yake, ikabidi mhandisi achore namna ya kurudishia nguvu iliyopotea. Msimamizi wetu hakuwa mzembe. Alisoma kilichokuwa ukutani, na ukutani hapakuwa na kitu cha kumwambia kwamba kuna kitu kimepungua.

Ukimsimulia mtu kisa hiki atakwambia: ndiyo maana tuhamie kwenye mfumo. Ana haki, ila nusu tu.

Nusu ya pili ni kile ambacho ubao hufanya vizuri, na hapa inafaa kujua ulitoka wapi. Katika miaka ya 1990, wahandisi wawili Wamarekani, Glenn Ballard na Greg Howell, walikuwa wakifuatilia mipango ya kazi ya kila wiki kwenye miradi ya ujenzi. Walikuta kwamba takriban nusu tu ya kazi zilizopangiwa wiki fulani ndizo zilizokwisha wiki hiyo. Mafundi wala hawakuwa wavivu. Kazi zilipangwa na mtu wa ofisini, zikapelekwa kwa watu ambao hawakuulizwa kama nondo zimefika au kama waliotangulia wamemaliza. Dawa yao ilikuwa kumweka mezani yule mpangaji wa mwisho kabisa, yaani msimamizi wa genge, aseme mwenyewe: hii naweza, hii siwezi mpaka fulani amalize. Karatasi za kunata ukutani zikawa njia rahisi ya kufanya hivyo. Kila mtu anaandika kazi yake kwa mkono wake, anasimama mbele ya wenzake, anaibandika.

Kwa hiyo karatasi ile ya njano ilikuwa ahadi iliyotolewa mbele ya mashahidi. Ukiielewa hivyo, utaelewa kwa nini mifumo mingi ya kidijitali hushindwa ndani ya miezi miwili: wanahamisha maandishi, ahadi inabaki ukutani.

Kabla ya kufika huko, kuna kosa moja la kuondoa njiani. Watu wengi husema wana ratiba ya kidijitali kwa sababu wanayo kwenye Excel. Unaifungua, unakuta safu za kazi upande wa kushoto, siku juu, na visanduku vilivyopakwa rangi kwa mkono. Hiyo ni karatasi iliyowekwa nyuma ya kioo. Ukisogeza plasta wiki moja mbele, dari haisogei, rangi haisogei, wala tarehe ya kukabidhi haisogei. Lazima uvisogeze wewe kimoja kimoja, na kimoja utakisahau tu. Chombo cha kupangia, hata kiwe kidogo cha kwenye simu, kinajua kwamba dari inasubiri plasta. Ukigusa kimoja, vyote vinavyokitegemea vinasogea.

Tuchukue mfano tuone faida yake kwa hesabu. Nyumba imeshapauliwa, umebaki umaliziaji. Fundi umeme anachimba kuta na kulaza mabomba yake siku 4. Plasta ya ndani inafuata, siku 12. Jumla siku ya 16. Plasta ikiisha, fundi alumini anakuja kupima madirisha siku 1, karakana inayatengeneza siku 15, anarudi kuyafunga siku 3. Tumefika siku ya 35. Kisha rangi ya mwisho siku 6, kwa sababu hakuna anayetaka kupaka rangi nyumba yenye matundu ya madirisha. Unakabidhi siku ya 41.

Upande mwingine, plasta ikiisha siku ya 16, fundi dari anaingia siku 7, kisha skimu, yaani kulainisha kuta na dari kabla ya rangi, siku 5. Amemaliza siku ya 28, na rangi haianzi mpaka siku ya 35. Hapo katikati pana siku 7 za bure. Huo ndio ulegevu: siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kumdhuru mtu. Kule kwa alumini hakuna ulegevu hata wa siku moja, na mfululizo wa kazi usio na ulegevu ndio mnyororo mkuu wa mradi. Ukirefuka siku moja, mradi mzima unarefuka siku moja.

Angalia sasa saiti inavyodanganya macho. Fundi dari yuko pale, vumbi la jipsamu limemjaa kichwani, kila mtu anamwona. Akichelewa siku 5, msimamizi anamfokea, mwenye nyumba anapiga simu, na wala tarehe ya kukabidhi haijaguswa. Huku nyuma karakana ya alumini, ambayo haiko saiti na haina mtu kwenye kikao, imechelewa siku 2 na hakuna aliyejua. Zile siku 2 ndizo zimehamisha kukabidhi kwenda siku ya 43. Tunamgombeza tunayemwona.

Uzuri wa kompyuta hapa ni kwamba inakuruhusu kuuliza "je, kama?" bila gharama. Je, kama mafundi plasta wakianza na kingo za madirisha, wakazimaliza siku ya 8? Fundi alumini anapima siku ya 9, karakana inamaliza siku ya 24, kufunga kunaisha siku ya 27. Madirisha sasa yamemaliza kabla ya skimu, ambayo ni siku ya 28. Rangi inaanza mara moja, unakabidhi siku ya 34. Umeokoa wiki nzima bila kuongeza fundi hata mmoja. Lakini mnyororo mkuu nao umehama. Sasa yule fundi dari uliyekuwa ukimfokea bila sababu ndiye anayeshika tarehe, na akichelewa siku 5 safari hii utaumia. Ukutani ungeweza kufanya hesabu hii, ndiyo, kwa kubandua karatasi thelathini na kuzipanga upya. Nani atafanya hivyo mara nne kwa jioni moja?

Wazo hili wala si la juzi. Mpolandi Karol Adamiecki alichora ratiba za namna hii mwaka 1896, na michoro ya vipau tunayoijua leo inabeba jina la Mmarekani Henry Gantt aliyeieneza miaka ya 1910. Hesabu ya mnyororo mkuu ilizaliwa mwaka 1957 pale wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand walipotaka kompyuta iwapangie kazi za viwanda. Programu za kupangia ratiba zikafuata: Primavera ilianza 1983, Microsoft Project 1984. Kilicho kipya ni kwamba siku hizi ratiba inamfikia fundi kwenye simu yake, wakati miaka yote hiyo iliishia kwenye meza ya mhandisi.

Nije kwenye yale ninayoulizwa mara kwa mara.

La kwanza ni kwamba mfumo utaharakisha ujenzi. Hapana. Empire State Building, ghorofa 102, ilianza kujengwa Machi 1930 na ikafunguliwa Mei 1, 1931, bila kompyuta hata moja. Waliharakishwa na mpango uliokubaliwa na vifaa vilivyofika kwa saa yake. Mfumo unakuonyesha mapema kwamba utachelewa. Ukishaona, uamuzi ni wako.

Pili, kwamba grupu la WhatsApp linatosha. Nalipenda grupu, linasaidia sana kwa picha. Lakini grupu ni mto: ujumbe wa saa nne asubuhi, saa kumi jioni umeshapita, umefunikwa na pole za msiba na bei ya kokoto. Ratiba inatakiwa iwe kisima. Unarudi mahali palepale unakuta jibu la leo.

Wengine wanasema fundi hawezi. Fundi huyuhuyu anatuma na kupokea pesa kwa simu, ananunua umeme wa Luku kwa simu, anapokea oda za kazi kwa ujumbe wa sauti. Anaweza. Kinachomshinda ni kupewa skrini yenye mistari 800 iliyoandikwa Kiingereza cha ofisini. Mwonyeshe kazi zake tu, za wiki hii na ijayo, kwa maneno anayoyatumia yeye: "kumwaga jamvi la pili", "kufungua mbao", "kutoa mirunda". Nimeona saiti ambako tatizo lote la "mafundi hawataki mfumo" liliisha siku majina ya kazi yalipobadilishwa kuwa Kiswahili.

Kuhusu mtandao na bando, hofu ni ya kweli, hasa huko porini. Vyombo vingi vizuri huruhusu kuandika bila mtandao na kutuma baadaye mtandao ukirudi. Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, kabla ya bei. Mwambie azime data mbele yako akuonyeshe.

Halafu kuna hili la asilimia, ambalo mimi binafsi linaniudhi. Mifumo mingi ina kisanduku cha kujaza kazi imefika asilimia ngapi, na watu hupenda kujaza 90. Plasta hukaa kwenye 90 wiki tatu. Kwa kazi ya wiki moja, swali liwe moja tu: imeisha, ndiyo au hapana? Kama hapana, kwa nini? Nondo hazikufika, mvua, mwenzangu hakumaliza, mchoro haueleweki. Baada ya miezi miwili sababu hizo ukizihesabu zitakwambia ukweli kuhusu saiti yako ambao hakuna mtu angekwambia kikaoni.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Ubao hausemi nani alisogeza karatasi wala saa ngapi. Mfumo unasema. Kila badiliko lina jina na muda. Bosi akiitumia kumbukumbu hiyo siku ya kwanza kumkata mtu mshahara, kazi imeharibika. Kuanzia wiki inayofuata kila kazi itakuwa ya kijani, kila ahadi itakuwa ndogo ya kujilinda, na utakuwa na ratiba nzuri sana ya saiti isiyokuwepo. Nawasihi wenye kampuni walisikie hili. Sababu za kuchelewa zikusanywe ili ziondolewe, na mtu wa kwanza kukiri mbele ya mafundi kwamba alichelewa kulipa nondo awe bosi mwenyewe.

Kumbukumbu hiyo ina faida nyingine, ya kimkataba. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika sana kwenye miradi mikubwa, katika toleo la 2017 la mkataba wake wa kazi za ujenzi inamtaka mkandarasi awasilishe ratiba ya awali ndani ya siku 28 baada ya kupokea taarifa ya kuanza kazi. Ratiba hiyo iwe imeandaliwa kwa programu iliyotajwa kwenye mkataba, au inayokubalika kwa mhandisi, na ionyeshe utegemezi, ulegevu na mnyororo mkuu. Mvua za masika zikikufungia barabara ya kuingilia saiti na ukahitaji kuongezewa muda, utaulizwa kama kazi iliyosimama ilikuwa kwenye mnyororo mkuu. Picha ya ubao iliyopigwa kwa simu, nusu yake ina mwanga wa dirisha, haiwezi kujibu swali hilo. Wakandarasi wadogo wengi hupoteza haki yao hapa, na inauma kwa sababu mara nyingi walikuwa na haki kweli.

Basi uhamie vipi? Usianze wiki ya kumwaga jamvi. Anza na kazi za wiki sita zijazo tu, mradi mzima uje taratibu. Acha rangi zilezile za ubao, fundi bomba abaki njano. Mtu mmoja awe na jukumu la kuitunza ratiba kila jioni, na awe mtu anayekanyaga saiti, asiwe wa kukaa mjini. Ubao na mfumo viende pamoja wiki mbili, tatu, kisha ubao ufungwe kwa tarehe iliyotangazwa. Ukiviacha vyote viwili utakuwa na kweli mbili, na kila mtu atafuata ile inayompendeza.

Kikao kisiguswe. Asubuhi ya Jumatatu watu wasimame palepale, safari hii mbele ya runinga iliyounganishwa na kompyuta, na kila msimamizi wa genge aseme ahadi yake kwa mdomo wake, iandikwe akiwa anaiona. Wasio na simu janja wachapishiwe karatasi moja kubwa ibandikwe karibu na mapipa ya maji, ikiwa na tarehe juu, ya wiki iliyopita ikitolewa. Karatasi haijawa adui.

Baada ya kile kisa cha Dodoma, kwenye jengo lililofuata tuliweka sharti moja ndani ya mfumo. Oda ya zege haitoki mpaka makundi manne yawe yamethibitisha: mbao, nondo, umeme, mabomba. Kazi isiyothibitishwa haianguki nyuma ya meza. Inabaki pale imewaka nyekundu, na msimamizi hawezi kuipita. Fundi bomba ni yuleyule. Mara nyingi ndiye wa mwisho kubonyeza, na habonyezi akiwa ofisini. Anapanda juu kwanza, anahesabu mabomba yake kati ya nondo, moja moja kwa kidole, ndipo anatoa simu mfukoni.